Mama Gereji na Injini ya Baba

Mama Gereji hakuuliza gari lina shida gani. Ulifika, ukazima injini, ukaanza kujieleza, na kabla hujamaliza sentensi ya kwanza alikuwa ameshafungua boneti na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Alikipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena, akachukua tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua polepole kama mtu anayepima unga kama umesagika. Kisha akanusa. Hapo ndipo alipokutazama usoni.

"Hii ulibadilisha lini?"

Nimewaona watu wazima, wenye vyeo na wajukuu, wakibabaika mbele ya swali hilo. Mzee mmoja wa kanisa alijibu kwamba ni mwezi jana tu. Mama Gereji akanusa tena.

"Mwezi jana ya mwaka gani?"

Gereji yake ilikuwa Kitale, nyuma ya wauza mbao, kwa hiyo ilinukia oili na maranda ya msonobari kwa pamoja. Alivaa ovaroli ya kijani iliyofifia, na kichwani kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, lakini kitambaa kile sikuwahi kukiona na doa hata siku moja. Sakafu ilifagiwa mara tatu kwa siku. Ukutani kulikuwa na rafu ya chupa za jemu, na ndani ya kila chupa uchafu aliokwangua kwenye injini ya mtu fulani. Hakuandika majina. Alisema wenyewe wanajijua.

Namna alivyojifunza ufundi hakuna aliyeijua kwa hakika. Mimi aliniambia kwamba marehemu mumewe alikuwa na trekta lililogoma kila msimu wa kulima, akachoka kusubiri mafundi. Mwenye duka la spea yeye aliambiwa kwamba ufundi ulitoka kwa kaka yake Mama Gereji. Na siku moja nilimsikia akimwambia mteja msumbufu kwamba aliota ndoto. Nilipomuuliza ipi ndiyo ya kweli, alisema, "Yote, lakini si siku moja."

Alikuwa na semi zake, na alizitoa bila kuinua kichwa kutoka kwenye kazi. "Injini haifi, huuawa," hiyo ndiyo niliyoisikia mara nyingi. Nyingine ilikuwa, "Taa nyekundu si pambo." Aliwachukia waongo kuliko alivyochukia kutu. Hata hivyo umri wake mwenyewe aliudanganya waziwazi. Kwa miaka minne mfululizo alikuwa na miaka sitini na moja.

Na uongo mkubwa zaidi niliousikia kinywani mwake nilikuwepo ukisemwa. Mchana mmoja, mwalimu fulani alikuja kuchukua gari lake akiwa amelewa, miguu ikipishana. Gari lilikuwa tayari tangu asubuhi. Mama Gereji akamwambia, "Ngoja nikuangalizie kitu kimoja," akainama ndani ya boneti, akachomoa kifaa kidogo cha kugawa moto, akakitia mfukoni mwa ovaroli. Mwalimu alijaribu kuliwasha hadi akatoka jasho.

"Imegoma," Mama Gereji akasema kwa huzuni. "Haki, hizi gari zina kiburi. Kuja kesho."

Mwalimu akaenda nyumbani kwa miguu. Kesho yake alikuja amenyooka, gari likawaka mara moja, naye hakuuliza lolote. Mama Gereji alinitazama tu, kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa na kwa tuni isiyo yake. Alipenda sana kuimba, na hakujua.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba hakuweza kurudi nyuma. Mtu aliyeweza kufungua giaboksi na kuifunga akiwa anazungumza habari za maharagwe, alipoketi kwenye usukani na kutakiwa kurudi kinyumenyume alichanganyikiwa kabisa. Pikapu yake ilikuwa na mlango uliofungwa kwa kamba na rangi tatu tofauti, lakini injini yake ilinguruma laini kama paka aliyeshiba. Aliiendesha mbele tu. Akifika mahali aliangalia kwanza atatokea wapi, ndipo akaingia. Akikosa njia, alishuka na kuita mtu.

Mimi kazi yangu ni kutibu mifugo. Kwetu ni Mabanga, karibu na Bungoma, lakini ajira ilinileta Kitale, nikawa nazunguka mashamba ya Saboti na miinuko yake nikifuata ng'ombe wanaozaa vibaya na wanaokohoa. Gari nililotumia lilikuwa la baba. Alikuwa mtumishi wa serikali, alilinunua kabla hajastaafu, akalitunza kama mtoto wa mwisho. Macho yalipoanza kumsaliti, akanikabidhi ufunguo mbele ya mama, na neno lake lilikuwa moja tu: nisilinyime oili.

Nililinyima. Sikukusudia. Siku ya kwanza nilisema nitabadilisha wiki ijayo, wiki ijayo kukawa na ugonjwa wa miguu na midomo, na baadaye nikaona kwamba nikiongeza kidogo linapopungua, linaendelea kwenda. Basi nikawa naongeza tu. Miaka mitatu. Nililiosha kila Jumamosi likang'aa. Kila mwezi baba alinipigia simu kutoka Mabanga akiuliza kama gari linapewa oili, nami nikajibu, "Ndio, Baba," kabla hajamaliza kuuliza. Nyumba yangu haikuwa mbali na gereji ya Mama Gereji, tulisalimiana kila asubuhi, lakini kwa miaka hiyo mitatu sikuegesha gari mahali ambapo pua yake ingelifikia.

Wazazi wangu walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kulikuwa na ibada ya shukrani nyumbani, Jumamosi, na baba alikuwa ametangazia ukoo wote kwamba yeye na mama wataingia kanisani ndani ya gari lao. Jumatatu ya wiki hiyo, nikiwa natoka Kiminini, taa nyekundu ya oili ikapepesa, ikazima, ikawaka. Kisha nikasikia chini ya miguu yangu: tok, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi akiwa na hasira. Nikazima injini hapohapo, nikaliacha gari lijiviringishe hadi ukingoni.

Fundi wa pale karibu alikuja, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Hiyo imeenda, bana. Tafuta injini ingine."

Nililivuta kwa trekta hadi Kitale. Hakukuwa na mahali pengine pa kulipeleka. Mama Gereji alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, akitazama trekta likikata kona na mimi nimeketi nyuma ya usukani wa gari lililokufa.

"Karibu, Daktari," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Hakugusa hata kile kijiti. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, kile kinachofunika vali, akakiinua. Mahali ambapo chuma kilipaswa kung'aa, kulikuwa na kitu cheusi, kizito, kimejaa kila pembe kama molasi iliyosahaulika jikoni. Alichukua bisibisi akaichomeka katikati. Ikasimama wima yenyewe. Nikawa nasikiliza misumeno ya wauza mbao na kutamani mojawapo inikate. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Ngai! Daktari, humu ndani ulipanda miwa?"

Nami nikacheka, kwa sababu vinginevyo ningelia. Alipoacha kucheka akaniuliza, "Ilipoanza kugonga, ulizima au uliendelea?"

"Nilizima palepale."

"Basi hicho ndio kitu moja umefanya vizuri kwa miaka yote hii."

Nilimuuliza kama hawezi kutia ile dawa ya kusafishia, injini ikanguruma dakika kumi, uchafu ukayeyuka. Alinitazama kama nilivyomtazama mkulima aliyenyunyizia ng'ombe dawa ya nyanya.

"Huu uchafu ukiachilia kwa nguvu, unaachilia mabonge. Mabonge yanaenda wapi? Kwa chujio huko chini. Chujio likiziba, oili haipandi. Hapo ndio utaizika kweli. Hii haitaki dawa. Inataka mikono."

Akateremsha sampu, lile bakuli la chini ambamo oili hukaa. Chujio lilikuwa limeziba, limebakia tundu ambalo chungu angepita kwa shida. Akafungua beringi moja baada ya nyingine, vile vikombe vyembamba ambamo mhimili wa injini huzunguka. Tatu zilikuwa zimechoka lakini nzima. Ya nne ilikuwa imekwaruzika hadi rangi ya shaba ikaanza kuonekana. Akafuta mhimili pale ilipokuwa imekaa, akafumba macho, akapitisha ukucha juu ya chuma. Mara ya kwanza. Ya pili.

"Ukucha haukwami, mhimili haujachimbika," akasema. "Hii injini iko na bahati kuliko mwenyewe. Nipe mpaka Ijumaa."

Nilitaka kumkumbatia. Alirudi nyuma hatua moja, akafunika ile injini kwa gunia safi.

"Lakini kwanza pigia mzee."

"Nitamwambia baada ya sherehe, Mama. Sitaki kumharibia."

"Sawa. Basi mimi nafunga hii kitu vile ilivyo, unaenda nayo na trekta yako."

Nilijua kwamba hatanii. Nikatoa simu, yeye akiwa amesimama mbele yangu kama askari wa mahakama. Baba alipokea, nikamwambia yote bila kupumzika: miaka mitatu, kuongeza tu, Kiminini, molasi.

"Nirikuwa najua," baba akasema. Baba ni Mbukusu wa kweli, r na l huwa zinabadilishana viti kinywani mwake. "Kira mwezi nikiuriza, unajibu haraka. Mtu ambaye amebadirisha oili hujibu pore pore. Sasa nani anafungua hiyo gali?"

"Ni mama mmoja hapa Kitale."

"Mama?"

"Ndio, Baba."

"Nakuja," akasema, akakata simu.

Alifika Jumatano asubuhi, fimbo mkono mmoja, jogoo mkono mwingine, ametoka Bungoma peke yake na macho yale. Jogoo alimkabidhi Mama Gereji kwa heshima zote, kama mtu aliyekuja kuposa. Mama Gereji alimpokea yule jogoo, akamfunga kwenye mguu wa meza ya spana, akamletea baba kigoda.

"Mayi," baba akasema, akimwita mama kwa Kibukusu, "sioni vizuri. Nionyeshe kwa mkono."

Sikutarajia nilichokiona siku ile. Mama Gereji, ambaye hakumruhusu mteja kugusa hata nati, alipiga magoti kando ya kile kigoda na kumwekea baba viganjani kipande kimoja kimoja: pistoni, beringi iliyokwaruzika, beringi mpya, chujio lililosafishwa kwa mafuta ya taa. Baba alivipapasa vyote akiguna. Alipoishika ile beringi mbovu aliigeuza mara nyingi.

"Hapa ndipo mwanangu alinidanganya," alisema.

"Ndio hapo, Mzee."

"Itapona?"

"Mimi si nabii. Lakini ukucha haukwami."

Baba akainua uso, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu aache kuendesha. Kuanzia hapo hawakunihitaji tena. Walizungumza juu ya trekta za zamani, wakabishana kuhusu oili nzito na oili nyepesi, wakakubaliana kwamba vijana wa siku hizi wanaosha magari kupita kiasi. Nilitumwa chai. Nilipewa matambara na mafuta ya taa nikaambiwa nisugue sehemu za injini, na nilipomaliza kila moja baba aliipapasa na kuirudisha: "Bado. Hapa kwa kona." Nilisugua Jumatano yote na Alhamisi yote. Kilichokwanguliwa kilijaza chupa ya jemu hadi shingoni, na Mama Gereji akaiweka kwenye rafu, katikati, mbele.

Ijumaa asubuhi injini ilikuwa imefungwa, imejazwa oili ya bei nafuu ya kuoshea, na chujio jipya. Hakuiwasha. Alichomoa nyaya za moto kwanza ili izunguke bila kuwaka, akaniambia nikae nigeuze ufunguo, niitazame taa.

"Oili ipande kwanza," alisema. "Mgonjwa humpi ugali kabla ya maji."

Nikageuza. Injini ikazunguka, uu-uu-uu. Taa ikabaki nyekundu. Akaniambia nipumzishe. Nikageuza tena. Nyekundu. Niliona kidevu chake kikikaza. Baba alikuwa amesimama akiegemea mlango, uso wake karibu na dirisha.

"Imezima?" aliuliza.

"Bado, Baba."

Mara ya tatu. Uu-uu-uu. Nyekundu, nyekundu, kisha ikafifia kama jicho linalosinzia, ikapotea.

"Imezima! Baba, imezima!"

Mama Gereji hakushangilia. Alirudisha nyaya, akasema, "Sasa washa." Injini ikakohoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikakaa. Hakukuwa na tok. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya chuma na mpini kwenye sikio, akasikiliza huku na kule kama mimi ninavyosikiliza kifua cha ndama. Kisha akamshika baba mkono, akamleta, akamwekea mpini sikioni.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. "Hiyo ndiyo sauti yake," alisema. "Hiyo ndiyo sauti yake kabisa." Na machozi yakamtoka, akacheka papo hapo, akanipiga begani kwa fimbo, si kidogo.

Waliimwaga ile oili ya kwanza, ikatoka nyeusi. Wakajaza tena, injini ikanguruma, wakamwaga, ikatoka kama kahawa. Ya tatu ilitoka kama chai ya rangi. Ndipo Mama Gereji akatia oili nzuri, akanipa masharti: niende polepole, na baada ya wiki mbili nirudi abadilishe tena. Nilirudi baada ya wiki moja.

Jumamosi alfajiri nilishuka na baba kuelekea nyumbani, madirisha wazi ili aisikie. Tulipovuka Kamukuywa niliona kwenye kioo pikapu ya rangi tatu, mlango wake umefungwa kwa kamba, ikitufuata kwa mbali. Nilipopunguza mwendo, ikapunguza. Alitusindikiza hivyo hadi Mabanga, na spana zake kwenye kiti cha pembeni, naye amevaa gauni la kitenge ambalo sikujua kama analo.

Mama na baba waliingia uwanja wa kanisa ndani ya gari lao, kwaya ikiimba. Mama alimshika baba mkono kama msichana. Kabla ya kushuka baba aliniamuru nisizime injini, akawaita wazee wenzake, akafungua boneti, akawaambia wasikilize. Mchungaji alisubiri. Nyuma yetu Mama Gereji, kwa haraka ya kutokosa lolote, alikuwa amesahau kuangalia atatokea wapi. Pikapu ikaingia kati ya ukuta na tenki la maji, pua ndani. Ibada ilipoisha, wanaume wa kwaya wakiwa kwenye majoho yao waliisukuma kinyumenyume hadi barabarani, wakiimba, naye akiwa ameketi kwenye usukani amekaa wima kama malkia, akiwaitikia kwa tuni yake mwenyewe. Baba alisema hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu bora ya shukrani yote.

Sasa Mama Gereji amestaafu. Goti lilikataa kulala chini ya magari. Amehamia kwenye shamba lake dogo Saboti, na magari ya Kitale yamejitafutia mafundi wengine. Kwa muda mrefu tulikuwa tunasikiana tu kwa simu. Halafu mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, alinipigia saa nne asubuhi, na sauti yake sikuitambua.

"Daktari, kuja. Ng'ombe wangu. Mguu mmoja tu ndio umetoka."

Nilimkuta zizini, kitambaa cheupe kichwani, mikono imeshika ukingo wa ua hadi vifundo vimebadilika rangi. Ng'ombe alikuwa amelala kwa ubavu akihema. Nilivua shati, nikanawa, nikaingiza mkono. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja wa mbele nyuma.

"Atakufa?" aliuliza. "Niambie ukweli."

"Sijui bado, Mama. Shika hii kamba. Nikisema vuta, vuta."

"Mimi siwezi kuangalia."

"Basi usiangalie. Vuta tu."

Nilimsukuma ndama ndani kidogo, nikautafuta ule mguu, nikaufunika ukwato kwa kiganja ili usimchane ng'ombe ndani, nikauleta mbele. Ulikuja. "Vuta!" Alivuta akiwa amefumba macho, akiomba kwa Kikikuyu kwa sauti ya juu, visigino vyake vikichimba matope. Ndama alitoka kwa ghafla, Mama Gereji akaanguka kwa makalio. Lakini ndama hakupumua. Alilala pale, amelowa, ulimi nje. Nikamsafisha mdomo, nikamsugua ubavu kwa gunia. Hakuna kitu. Mama Gereji alifungua macho, akamwona. Alitambaa kwa magoti kwenye tope hadi kichwani mwa ndama, akachukua gunia mkononi mwangu, akaanza kusugua yeye. Mimi nikachukua unyasi, nikauingiza kwenye tundu la pua, nikauzungusha.

Ndama akatikisa kichwa, akapiga chafya kubwa, ute wote ukamrukia Mama Gereji usoni na kwenye kile kitambaa cheupe.

Alibaki vilevile, magoti chini, ute unamtiririka. Ndama akavuta pumzi, akalia, na mama yake akageuka kumlamba. Mama Gereji akajipangusa jicho moja kwa mgongo wa mkono.

"Daktari," alisema, "nimefufua injini nyingi maisha yangu, na hakuna hata moja imewahi kuamka ikanipigia chafya."

Kisha akacheka hadi akalazimika kumshika ndama asianguke.